Muulize Shangazi Fundi: Flaneli ya bei chee, utaijuaje kama inafaa kwa kwilti?

Baridi imeshaingia Nyanda za Juu na barua za mwezi huu karibu zote zinaongelea kitu kimoja, flaneli ya kushonea kwilti, yale mablanketi ya viraka yenye pamba katikati. Nimechukua nne, ya kwanza ntaijibu kwa urefu maana ndo inabeba na zile nyingine.

Shikamoo Shangazi. Mi niko Njombe, nashona kwilti za watoto na za kitandani, wateja wangu wengi wamama wanaojifungua na baridi ya huku unaijua, mwezi wa sita na wa saba unaamka asubuhi majani nje yana barafu. Flaneli naagiza Kariakoo, kuna ya bei ya juu na kuna ya bei chee, nikizishika zote mbili mara nyingi ile ya bei chee ndo laini zaidi, basi nanunua hiyo, nashona, mteja anafua mara mbili anarudi na malalamiko, imekakamaa, imesinyaa, viungio vimeachia. Nifanyeje nijue kabla sijatoa hela? *Fundi wa viraka, Njombe*

Marahaba mwanangu. Jibu umeliandika mwenyewe kwenye barua yako, pale uliposema ile ya bei chee ndo laini zaidi. Hapo hapo ndo pa kusimama.

Flaneli tunayonunua siku hizi ni pamba iliyofumwa kawaida tu, kama shuka. (Ya zamani kule Wales ilikuwa ya sufu ya kondoo, na hata neno letu fulana limetoka kwenye hilo jina.) Ikishafumwa inapitishwa kwenye mashine yenye magurudumu yaliyojaa vimeno vya waya, vile vimeno vinakwangua uso wa kitambaa na kuvuta nyuzinyuzi zisimame, ndo yale malaika, yaani manyoya mepesi, unayoyasikia kwa kiganja. Sasa nisikilize hapa, yale malaika hayajaongezwa kutoka nje, yametolewa kwenye uzi uleule unaoshikilia kitambaa. Kila ulaini unaousikia kuna uzi mahali umepunguzwa mwili. Kitambaa chenye uzi mnene na pamba ya nyuzi ndefu kinavumilia kukwanguliwa, kinabaki na mwili wake, ila kile cha uzi mwembamba wa pamba fupi kilichofumwa kwa kuachana kikikwanguliwa sana kinakuwa laini ajabu dukani halafu ndani hakuna kitu. Kwa hiyo kuchagua flaneli kwa kuipapasa peke yake ni kuchagua kwa kitu ambacho kiwanda kinaweza kukutengenezea kwa bei rahisi kuliko vyote.

Najua kwa sababu lilinikuta. Mwaka 2009 nilimshonea mjukuu wangu wa kwanza kwilti ya viraka vyekundu na vyeupe, flaneli niliinunua dukani kwa kuipapasa tu, ilikuwa laini kama shavu la mtoto, nikashona kwa pindo (kile kitambaa kinachobaki nje ya mshono) nyembamba ya milimita 6 kama nilivyozoea kwenye pamba ya kawaida. Ilipofuliwa mara ya kwanza nyeupe ikawa pinki, ya tatu nikaona pembeni ya kila mshono nyuzi zimejivuta zimeacha vidirisha, pamba ya ndani inachungulia. Mwanangu hakuniambia neno, aliikunja akaiweka kabatini, na mimi iliniuma sana maana nilikaa nayo wiki tatu usiku kwa usiku.

Tangu hapo nikifika dukani mkono wangu hauanzi na kupapasa. Naanza na mwanga. Namwomba muuzaji afungue jora mara moja, kitambaa kiwe safu moja, nakiinua mbele ya mlango. Kila flaneli itapitisha mwanga kidogo, usitegemee giza, ninachotafuta ni usawa, mwanga ukija kwa mabaka, hapa pazito pale pepesi, au ukaona vitundu kama chandarua, hiyo rudisha.

Halafu kuna jaribio moja ambalo lingeniokoa siku ile. Shika kitambaa kwa vidole gumba viwili vikiwa vimekaribiana kama sentimita mbili, kucha juu, bana kwa chini na vidole vya shahada, halafu vuta vidole gumba viachane, taratibu ila kwa nguvu. Kisha angalia pale katikati. Flaneli nzima itajinyoosha itarudi, ile mbovu nyuzi zake zitateleza zitaacha mstari wa wazi kama njia ya panya kwenye majani, na ule mstari hauzibiki hata ukipapasa. Ndo kitu kilekile mshono utafanya kwenye kwilti mtu akiivuta usiku. Fanya kwa mtande, yaani nyuzi za urefu, na fanya kwa upana pia, maana mara nyingi nyuzi za upana ndo zimekwanguliwa zaidi, zenyewe ndo zinasokotwa kwa ulegevu ili zitoe manyoya.

Sugua sasa. Kunja kona uso kwa uso usugue mara ishirini, thelathini, bila huruma. Ikianza kutoa vipira hapo hapo dukani mbele ya muuzaji, nyumbani itakuwaje? Na kama kiganjani unabaki na unga mweupe, huo ni wanga au dawa waliyoitia kitambaa kionekane kizito, kikioga tu uzito wote unaenda na maji.

Muuzaji akikukatia, angalia anavyokata, wengi wetu tunajua anachoma kidogo na mkasi halafu anachana kwa mkono. Simama upande wa jua. Ukiona wingu la vumbi la pamba limeruka ujue ni pamba fupi. Na kama ni ya drafti fuata ule mchano na mistari ya drafti, mchano unafuata uzi, kwa hiyo kama mstari unaanza sawa na mchano upande huu halafu upande wa pili umeachana nao kwa sentimita mbili tatu, drafti imechapwa kombo, na viraka vyako havitakaa sawa hata uwe fundi namna gani. Drafti iliyofumwa kwa nyuzi za rangi haiwezi kukufanyia hivyo, hata nyuma rangi ni ileile. Lakini msichanganye na kitenge, kwenye kitenge tumezoea kukagua kama rangi imefika nyuma, kwenye flaneli ya kuchapwa nyuma kufifia ni kawaida na sio kasoro.

Kama duka lina mzani, pima. Mita moja ya flaneli yenye upana wa sentimita 110 ikiwa na gramu 130 hivi ni nyepesi, ni kama gramu 118 kwa mita ya mraba, hiyo mi siiweki juu ya kwilti ya kitandani. Mita hiyohiyo ikifika gramu 165 mpaka 185 hapo unaongea na kitambaa. Ila uzito nao unadanganya kama kuna wanga, ndo maana hukumu ya mwisho inatolewa na maji, sio na duka.

Kwa hiyo usinunue jora, nunua nusu mita. Chora mraba wa sentimita 40 kwa 40 kwa kalamu isiyofutika, piga zigizaga pembeni isichanike, fua kwa maji ya moto kabisa, anika, piga pasi, pima tena. Pamba ya kawaida ya kushonea ikisinyaa asilimia 3 watu wanalalamika, flaneli kusinyaa 5 ni jambo la kawaida, na ya bei chee inafika 8 mpaka 10. Sentimita 40 zikiwa 37 hiyo ni asilimia 7 na nusu, na mara nyingi utakuta urefu umekula zaidi kuliko upana. Kusinyaa peke yake hakunifanyi nikatae, ukijua kiasi chake unaongeza tu, mfano kitambaa cha nyuma unataka urefu wa sentimita 200 na kinasinyaa asilimia 8, nunua sentimita 217 na zaidi kidogo, fua yote kabla hujakata. Kinachonifanya nikatae ni kikitoka majini kimekuwa chepesi kama kitambaa cha kufungia jibini, au kimepinda, yaani ule mraba umekuwa kama kaiti.

Na kama umeshanunua ile ya bei chee, usiitupe mwanangu. Ifue, iweke katikati badala ya pamba ya kujazia, kwilti ya kiangazi inatoka nzuri sana hivyo. Au itumie juu ila viraka viwe vikubwa na pindo iwe pana, sentimita 1.25 kila upande, yaani kiraka cha sentimita 15 kikishamalizika unakata 17.5. Hiyo pindo pana peke yake ingetosha kuokoa mishono ya kwilti ya mjukuu wangu.

Jambo Shangazi. Mimi ni mama wa Kikongo, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi na kushona nilijifunzia hukohuko, sasa niko Louisville, Marekani. Wamama wa kanisani kwetu tunashona kwilti za watoto wachanga. Kwenye ukingo wa flaneli tunazonunua imeandikwa kwamba kitambaa hakikukusudiwa kwa nguo za kulalia za watoto, wengine wanasema kina sumu na wameacha kukinunua. Ni kweli? Na tena tangu JOANN, wauzaji wakubwa wa vitambaa huku, walipofunga maduka yao yote mwaka 2025 tunaagiza sana mtandaoni, hatuwezi kushika, tunachaguaje? *Mama wa Louisville*

Jambo dada yangu, na pongezi kwa kazi ya mikono yenu. Tulia, sio sumu, ni moto. Marekani wana sheria ya tangu miaka ya 1970 kuhusu nguo za kulalia za watoto, kitambaa lazima kipite jaribio la kuwaka, na flaneli ya pamba ambayo haijatiwa dawa ya kuzuia moto haipiti, basi anayeiuza anaandika ukingoni kujikinga. Kwilti sio nguo ya kulalia, kwa hiyo ile sheria haiwagusi. Lakini sababu yake msiipuuze, yale malaika niliyoyasema juu yana hewa katikati, cheche ikigusa moto unatembea juu ya kitambaa haraka kuliko kwenye shuka. Mi hapa kwetu kila mteja ninayemkabidhi kwilti ya flaneli namwambia isiwe karibu na jiko la mkaa wala kibatari, nyie huko waambieni habari ya hita.

Na kwa kuwa ni za watoto wachanga, andikeni kakaratasi kwamba kwilti ni ya kumtandikia mtoto chini acheze mtu akiwa anamwangalia, au ya kufunika miguu kwenye kigari. Madaktari wa watoto huko wanashauri mtoto ambaye hajatimiza mwaka alale bila blanketi wala kitu cha kulegea kitandani. Kwilti nzuri itamsubiri akue.

Kununua bila kushika ni kazi, ila huko mna faida moja, wauzaji wengi wanaandika uzito. Wanaandika kwa wakia (oz) kwa yadi ya mraba, wakia moja hapo ni kama gramu 34 kwa mita ya mraba. Wakia 4 kushuka chini ni nyepesi, 5 mpaka 6 ni nzuri. Angalieni pia kama wamesema malaika yako upande mmoja au pande zote mbili, ya pande mbili inashikana vizuri na pamba ya ndani, haitelezi, ila imekwanguliwa mara mbili kwa hiyo ikiwa pande mbili na uzito mdogo, pita. Asiyeandika uzito kabisa mwulizeni, akishindwa kujibu agizeni robo yadi kwanza muifue. Na hakikisheni imeandikwa pamba asilimia 100, kuna vitambaa vya poliesta vinaitwa flaneli siku hizi kwa sababu vina manyoya tu, vinateleza, havinywi jasho, pasi ikizidi moto vinayeyuka.

Habari ya Aunty. Niko Limuru na baridi ya huku ni ile ya ukungu mpaka saa nne. Mimi hushona na flaneli mpya na pia mashati ya mtumba ya flaneli kutoka soko la Gikomba, Nairobi, rafiki zangu wananiambia mtumba ni kitambaa kimechoka hakitadumu. Na shida ingine, mashine yangu inajaa manyoya mpaka inaruka stichi, fundi ameiangalia mara mbili. Ni flaneli mbaya ama ni mashine? *Msomaji, Limuru*

Nzuri dada, na hao rafiki zako nawapinga kwa moyo wote. Shati la flaneli la mtumba likiwa zima ndo flaneli ya bei nafuu iliyo salama kuliko zote, kwa sababu lile jaribio la maji ninalomwambia kila mtu afanye, mtu mwingine ameshakufanyia, tena mara hamsini. Rangi iliyokuwa ya kuchuja imeshachuja, kusinyaa kumeshaisha, vipira kama vilikuwa vya kutoka vimeshatoka na unaviona kwa macho. Unachokinunua ndo utakachokuwa nacho. Sisemi shati lolote, kagua: liinue kwenye mwanga uangalie viwiko, kola na mabega, hapo huwa pameisha hata kama kwingine pazima. Mgongo na sehemu za juu za mikono ndo kitambaa chako. Shati moja la mwanaume wa mwili mkubwa linakupa viraka vingi vizuri mgongoni peke yake, na shuka za flaneli za mtumba ukizipata usiziache, moja inatosha nyuma ya kwilti ya mtoto na inabaki.

Lebo ikiwa imekatwa hujui ni pamba au poliesta, chomoa uzi mmoja mmoja wa mtande na wa upana uwashe juu ya sahani. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na majivu yake ukiyagusa yanasagika, poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukipata yote mawili ni mchanganyiko, mi huwa nauweka kando kwa sababu unaposhonwa na pamba tupu moja inasinyaa nyingine haisinyai.

Mashine yako haina ubaya. Flaneli yote inamwaga manyoya, mbovu inamwaga zaidi, na yanajikusanya chini ya bamba la sindano na kwenye nyumba ya bobini mpaka yanakuwa kama sufi iliyoshindiliwa kwenye mto. Juzi nilifungua yangu nikatoa kipande kizima chenye umbo la pale kilipokaa, unaweza kukishika kwa vidole. Kila ukimaliza bobini moja, fungua, safisha kwa brashi ndogo, usipulize kwa mdomo maana unayasukuma ndani na unyevu juu yake, tia tone la mafuta kama mashine yako ni ya kutiwa. Sindano weka namba 90/14 mpya, ya zamani ndo inaruka stichi, na stichi iwe milimita 3, ile fupi inazama kwenye manyoya na kukunja kitambaa. Pasi nayo usiburuze, kandamiza na kuinua, flaneli ukiiburuza inanyooka kombo na kiraka cha mraba kinageuka kitu kingine. Kama inakusumbua sana kukata, inyunyizie wanga mwepesi upige pasi kabla ya kukata, itatulia kama karatasi, wanga utatoka siku ya kufua.

Shangazi shikamoo, swali fupi tu. Flaneli nyekundu inachuja, nimeambiwa niiloweke kwenye siki na chumvi rangi ishike. Nimefanya, bado inachuja. *Arusha*

Marahaba. Chumvi inatumika wakati wa kutia rangi kiwandani, sio baada, na siki haifungi rangi ya pamba, kwa hiyo usipoteze tena hela yako kwenye siki. Rangi inayochuja ni ile iliyozidi ambayo haikushika uzi, dawa yake ni kuitoa yote. Loweka kwa maji ya moto na sabuni, suuza, rudia. Kisha chukua kipande, kiweke kwenye glasi nyeupe ya maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, viache nusu saa. Maji yakibaki safi na kile cheupe kikitoka cheupe, shona. Baada ya kufua mara tano bado glasi ina rangi? Hiyo flaneli ishonee kwilti ya rangi moja, nyekundu na nyekundu yenzake au na weusi, ila kwenye viraka vyeupe usiipeleke kabisa.